Alama ya Mkaa kwenye Mayai ya Kasa

Vijana wangu mnaokuja kuniuliza habari za kazi, kaeni kitako. Lakini kwanza tuelewane. Mkija mlangoni kwangu hapa Garsen mkaniita "yule mama aliyekuwa akiwapikia wazungu," nitawapa maji ya kunywa, kwa kuwa maji hayanyimwi mtu, kisha nitawaonyesha njia ya stendi. Nimefanya kazi ya kasa na mikoko kule Kipini, mto Tana unapoingia baharini, kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Ni kweli nilianzia jikoni. Sikuishia huko, hata kama cheti changu kinasema vingine. Na hicho cheti mnachokiona ukutani msikiguse. Hakikuanguka. Nimekitundika mwenyewe hivyo hivyo, juu chini, na sababu yake nitawaambia.

Wengi wenu mnataka kufanya kazi na volantia, wale vijana wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea. Mnadhani kazi yenyewe ni Kiingereza. Kiingereza ni kizuri, jifunzeni. Lakini volantia haumwi na sarufi, anaumwa na tumbo. Mtu aliyefika jana kutoka kwenye baridi usimpe madafu matatu kabla hajala, hata akiomba kwa kicheko. Usimwache atembee ufukoni saa sita mchana bila kofia ati kwa sababu amesema jua amelizoea. Jua alilolizoea ni jingine. Maji ya kunywa yachemshe mwenyewe. Na kule Kipini mjue kwamba maji ya mto yana saa zake: bahari ikijaa, chumvi hupanda mtoni, ikitoka, maji matamu hushuka. Ukichota saa isiyo yake, chai ya watu kumi na wawili inakuwa mchuzi. Nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza, na wale watoto wa watu wakainywa yote kwa adabu, wakidhani ndivyo chai yetu ilivyo.

Kulikuwa na mmoja aliyesema hali kitu chochote chenye macho. Nikamuuliza, je, samaki niliyemkata kichwa? Akafikiri sana, kisha akaomba kunde. Mwingine alimlilia jogoo niliyemchinja Jumapili kwa kuwa alikuwa amempa jina. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini uvivu sikuwaona nao, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale walishika jembe siku ya kwanza, wakaumwa na mbu wa Tana kwa ajili ya kasa wasiyemjua. Ugomvi wangu haukuwa na mikono yao.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Mimi ni Mpokomo wa Ngao, mtoto wa mtoni. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mvua za Elnino zilipokuja, mto ulikula mpunga wangu, ukala migomba, ukamaliza na banda la kuku. Msiwadharau kuku. Kijijini nilijulikana kwa kuku kuliko kwa jina langu la ubatizo. Mtu akiwa na mtetea asiyetulia kwenye mayai, aliniita mimi. Nilipoatamisha, kila yai nililitia alama ya mkaa, msalaba mdogo ubavuni, ili nijue lipi la kuanguliwa na lipi limetagwa jana. Alama ile ilikuwa na kazi ya pili. Kila asubuhi nilitazama msalaba umeelekea wapi, na yai ambalo kuku hakuligeuza, niligeuza mimi, maana lisipogeuzwa kifaranga hugandia upande mmoja, akafa. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Kwa kuku ni kweli mpaka leo. Shikeni hapo, kwa kuku.

Baada ya mafuriko sikuwa na shamba, sikuwa na kuku, na mume wangu alikuwa ameshatangulia. Nilimwacha mwanangu Jillo shuleni Ngao, kwa dada yangu, nikashuka Kipini kutafuta riziki. Nikapata kazi ya kupika kwenye kambi ya volantia, vibanda vichache vya makuti nyuma ya ufuko. Mkuu wa kambi alikuwa mzungu mrefu aliyeitwa Bwana Colin, mwenye Kiswahili cha kitabuni, kisafi kama sahani ya wageni. Hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema msije mkamchukia kabla ya wakati wake.

Mtu mwingine wa kumjua ni Shee. Shee alikuwa mvuvi wa pale pale Kipini, mtu wa makamo, mwenye Kiswahili cha kwao, njia akiiita ndia na juu akisema yuu. Ujanani aliwinda kasa, akala nyama yake na kuuza mafuta yake, na hakuona haya kulisema. Mradi ulimwajiri atembee ufukoni kila alfajiri kutafuta nyayo za kasa aliyepanda kutaga. Nani angezijua nyayo zake kuliko aliyekuwa akimla? Mimi na Shee hatukupatana. Yeye alisema mapishi yangu ya mtoni hayana nazi. Mimi nilimwuliza mbona sahani yake hurudi jikoni imelambwa.

Kabla ya msimu wa kutaga, Bwana Colin aliwafundisha volantia wiki nzima, pale bandani tulipolia chakula. Walichorewa kasa ubaoni, wakachorewa shimo, wakachorewa mayai. Yote kwa Kiingereza. Hatua kumi tu kutoka kwenye mafiga yangu! Mimi nilipita katikati ya somo na sinia, nikauliza nani anataka chapati ya pili. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile ile, saa ile ile ya chapati, somo lilikuwa ni kwamba mayai ya kasa hayageuzwi.

Asubuhi moja mvua za masika zikiwa zimeanza, Shee aliona shimo la mayai mahali pabaya, chini ya mstari ambao maji hufika bahari ikijaa. Maji yangelifikia na kuyaozesha. Volantia mmoja, msichana mwenye nywele nyeupe kama sufi, jina lake Annika, aliyekwisha kushika Kiswahili kuliko wenzake, aliyachimbua na wenzake mapema ile ile, wakayahamishia kwenye uzio mdogo wa fito karibu na jikoni kwangu, juu, mahali pakavu. Yalikuwa mia na kitu. Kesho yake kambi nzima ilikuwa inakwenda Ozi kupanda mikoko, siku tano.

Annika akanijia, mkono kifuani. "Mama Jillo, tafadhali, utunze mayai yetu. Tafadhali sana."

"Nenda mwanangu," nikamwambia. "Mayai nayajua mimi."

Mnanielewa? Nilikuwa nimepoteza kuku wote. Tangu mafuriko hakuna aliyeniuliza neno ninalolijua. Hapa mtoto wa ng'ambo ananikabidhi mayai mia na kitu na kunisihi. Niliona heshima yangu imerudi.

Alfajiri ya kwanza, kabla ya kuwasha moto, niliingia uzioni na kipande cha mkaa. Nikafukua mchanga kwa mkono, polepole. Mayai ya kasa ni meupe, ya mviringo, na ganda lake si gumu, hubonyea kama ngozi. Nikasikitika. Kuku akikosa chokaa hutaga mayai ya ganda laini, nami nikasema, masikini mama huyu, hakula vizuri. Nikalitia kila yai msalaba, nikaligeuza, nikafukia. Alfajiri ya pili nikageuza tena. Siku tano sikukosa hata moja, na nilifanya kwa upendo, naapa. Annika aliporudi nilimwambia yako salama, nimeyatunza. Akanikumbatia na matope yake ya mikoko.

Miezi miwili ikapita. Mchanga haukutikisika.

Bwana Colin akaamuru shimo lifukuliwe. Tulisimama wote kando ya uzio, na mimi na mwiko wangu mkononi. Yai la kwanza likatoka, limefubaa na kunywea. La pili vile vile. Yote yalikuwa yamekufa. Halafu Bwana Colin akalifuta moja kwa kidole gumba, akaliinua kwenye mwanga. Msalaba wa mkaa ulikuwa bado unaonekana.

"Hii ni alama ya nini?" akauliza. "Nani ameandika juu ya mayai?"

Nilielewa hapo hapo, hakuna aliyehitaji kunichorea ubaoni.

Karibu na ule uzio ilipita njia ya wavuvi, njia pekee ya kutoka mjini mpaka pale mashua zinapopakiwa na kupakuliwa. Ukiikosa hiyo, unazunguka kwenye matope ya mikoko, kapu la samaki kichwani, jua likikuchoma. Na nyayo za kila asubuhi pale kandoni zilikuwa za Shee. Bwana Colin akazitazama, akamtazama Shee. Akasema kwa kile Kiswahili chake safi kwamba anahuzunika sana, kwamba mwindaji huweka alama kwenye mali yake, na kwamba huenda pia ni dawa za wavuvi, yaani uchawi. Kesho saa sita watu wakutane bandani. Kama hakuna maelezo, Shee hana kazi, na njia itafungwa kwa seng'enge, na ataandika barua kwa wakubwa ili ibaki imefungwa.

Mimi nilinyamaza.

Nasema wazi ili msije mkafikiri mnaongea na malaika. Nilinyamaza siku ile nzima. Nilifikiri habari ya Jillo, nikafikiri shamba langu lililokuwa chini ya mchanga wa mto. Niliona haya. Nilipika maharagwe bila kuyaonja, na Shee akaja kuchukua sahani yake, akatazama ndani, kwa mara ya kwanza hakusema neno juu ya nazi. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Kesho yake bandani walikaa volantia upande mmoja, wavuvi upande mwingine, mwenyekiti wa kijiji katikati akijipepea kwa kofia yake. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria la wali, nasikia kila kitu. Safari hii walisema Kiswahili, maana walikuwa wanamshtaki mtu wetu.

"Bwana Shee," akasema Colin, "wewe umekula kasa miaka mingi."

"Nimewala," Shee akajibu. "Watamu. Lakini mimi kasa humla, simwandikii barua. Wataka nikwambie nini?"

Wavuvi wakacheka. Colin hakucheka. "Kila siku nyayo zako ziko pale."

"Ndiyo ndia yetu! Wataka nipae?"

"Basi njia tutaifunga."

Zogo likalipuka. Mwenyekiti akapiga meza. Na mimi nikanusa wali wangu unaungua, na ajabu yake, ndio ulionisukuma. Katika maisha yangu sijapata kuunguza wali. Nikaona nimeshaharibu cha kutosha. Nikainama kwenye mafiga, nikachukua kipande cha mkaa uliopoa. Nikachukua yai la kuku kwenye kikapu. Nikaingia bandani na aproni yangu, nikasimama mbele ya Bwana Colin, nikachora msalaba.

"Ni huu?"

Akainama kulitazama yai.

"Nakuuliza, Bwana Colin. Ni huu?"

"Ndiyo," akasema. "Ni huo."

"Basi ni mimi. Nimeyageuza mayai yako siku tano, kila alfajiri, kama ninavyogeuza ya kuku. Nimeyaua kwa mkono huu. Shee hana kosa, na ile njia haina kosa."

Annika akaziba mdomo kwa mikono miwili. Colin akanitazama kama vile sufuria ndilo lililosema. "Lakini kwa nini, Mama Jillo? Tulifundisha wiki nzima kwamba hayageuzwi!"

"Ulimfundisha nani?" nikamwuliza. "Kwa lugha gani? Na mimi nilikuwa wapi?"

Akageukia ubao wake.

"Nilikuwa hapa hapa, Bwana Colin. Nilikuwekea chapati mkononi. Ulisema 'asante' kwa Kiswahili, ukaendelea na mayai kwa Kiingereza. Kosa la mkono ni langu, nalibeba. Lakini lile la kunyimwa somo hatua kumi kutoka jikoni kwangu, hilo silibebi. Hilo libebe wewe."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Annika akasimama, uso mwekundu kama nyanya, akasema ni yeye aliyenikabidhi mayai na hakunieleza yatunzwe vipi. Alilia, nami nikalia, haja gani ya kuficha. Mayai mia na kitu, vijana. Mpaka leo nikiyakumbuka moyo hunishuka.

Mnafikiri Shee alinishukuru? Alinigeukia na macho yamemtoka. "Siku mbili, Mama Jillo! Siku mbili nimeitwa mchawi, na wewe wanipakulia maharagwe!" Akanitemea maneno mengine ambayo mwenyekiti alimwomba ayameze. Alikuwa na haki. Nilisimama nikayapokea yote.

Colin akatangaza uamuzi. Njia haitafungwa, Shee abaki na kazi yake. Mimi nibaki jikoni, ila nisikanyage tena karibu na uzio wala kugusa kitu chochote cha mradi.

Hapo ndipo wengine wangesema asante Mungu, nimenusurika. Mimi nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya meza, mwiko juu yake.

"Kama sifai kufundishwa, basi hata kupika sifai," nikasema. "Wali umeungua. Mlale salama." Na ilikuwa saa saba mchana.

Nikaenda kukaa kwa binamu yangu mjini. Nilikuwa na hofu? Nilikuwa nayo tele. Sikuwa na pa kwenda, na barua ya dada kuhusu shule ilikuwa chini ya mto wangu wa kulalia. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kupita na sinia. Siku ya kwanza kambini walipika tambi, nikasikia zilishikana zikawa fundo moja. Siku ya pili walichota maji bahari ikiwa imejaa, wakanywa ile chai yangu ya kwanza. Siku ya tatu alikuja Shee. Alisimama mlangoni, amenuna.

"Wale watoto watakufa ndaa," akasema. "Na mimi pia. Ndoo urudi."

"Nirudi jikoni?"

Akachuchumaa, akachora duara mchangani. "Sikiza. Kuku huyalalia mayai yake, ndiyo maana huyageuza. Kasa si kuku. Kasa huzika, akenda zake baharini, harudi kuyatizama. Sasa nani angeyageuza, huo mchanga?" Akagonga duara kwa kidole. "Lililo yuu likae yuu, lililo tini likae tini. Mimi nalijua hilo tangu sijabaleghe. Mbona hukuniuliza?"

"Wewe ulikuwa unanisema nazi!"

Akakuna kidevu. "Haya. Shimo jingine likipatikana, nitalihamisha na wewe. Sitaki mwingine. Wale wamesoma, lakini wewe wajua linavyouma. Hutarudia."

Alimwambia Colin maneno hayo hayo. Annika naye alikuwa amemkalia kooni siku tatu. Colin akaja mwenyewe kwa binamu yangu, akakaa kwenye kigoda, magoti yakimfika masikioni. Akasema, "Nilikosea, Mama Jillo. Somo litarudiwa, kwa Kiswahili." Nikamwambia lirudiwe jikoni. Akakubali. Kosa moja haliachi mke, nami nikachukua aproni yangu.

Basi somo likafanyika mbele ya mafiga, na aliyefundisha nusu yake alikuwa Shee. Aliwafundisha kusoma nyayo. "Hini ndia ya kuya, na hini ndia ya kurudi. Palipotifuliwa mchanga ndipo alipotaga." Volantia walikaa chini na madaftari, Annika akiwatafsiria. Tangu siku hiyo, mlinzi, dereva, mfua nguo, kila mtu wa kambi alisikia kila somo. Mkuu mpya akija baadaye akataka kulirudisha bandani kwa Kiingereza tupu, nilikuwa naacha kukoroga sufuria mpaka aanze upya. Mara tatu nimefanya hivyo, kwa wakuu watatu tofauti.

Shimo la pili lilipatikana mwisho wa msimu, tena chini ya mstari wa maji. Shee alipiga mluzi, nikaacha chai. Sasa shikeni hii kazi. Kwanza ni mapema, kabla ya saa chache kupita tangu kutagwa, maana baada ya hapo kiumbe kimeshajishika ndani ya yai, na mtikisiko kidogo tu hukibandua. Ndoo itandike mchanga wa shimo lile lile, wenye unyevu. Yai lishike kwa vidole viwili kama lilivyolala, litue kama lilivyolala. Usiongee na mtu. Shimo jipya liwe na kina kile kile, mkono mpaka kwenye kiwiko na zaidi kidogo. Mchanga ujaribu kiganjani: ukishikana kidogo unafaa, ukimwagika wote ni mkavu mno, ukitoa maji hapo si mahali. Tulihamisha mayai yote bila kusemezana. Jasho lilinidondoka puani na sikulifuta.

Siku za kungoja nilipita kando ya uzio kila alfajiri, mikono nimeifunga kwenye khanga ili isifanye ujinga. Sikugusa kitu. Kutogusa ni kazi, vijana, tena ngumu kuliko kuchimba.

Alfajiri moja ya mawingu mchanga ukazama katikati, shimo dogo kama la kikombe. Kikatoka kichwa. Kikatoka cha pili. Kisha pale pakachemka, wadogo weusi wanapandana, wanasukumana, wanateremka kuelekea majini kana kwamba wamechelewa shule. Nilipiga vigelegele vya Kipokomo mpaka wavuvi wakasimama njiani kwao, ile ile njia, wakaweka makapu chini kutazama. Shee alikuwa anapangusa macho na kusema ni chumvi. Bwana Colin alivua kofia, akanipa mkono.

"Hongera sana, mpishi," akasema.

Mmesikia? Mpishi. Alilisema kwa moyo safi kabisa.

Nilitunza mayai miaka yote iliyofuata. Niliwafundisha volantia wa nchi ambazo siwezi kuzitamka, na wengine wao leo ni wakubwa huko kwao. Jillo alimaliza shule. Siku hizi mna simu zinazojua shimo liko wapi. Juzi kijana mmoja wa hapa hapa Garsen, aliyepata kibarua huko, aliniambia, "Mathee, hizo story zako ziko kwa app." Nikamwuliza hiyo app iliwahi kuungua kidole? Akacheka. Lakini jioni alirudi kuniuliza mchanga unajaribiwaje, na nikamwonyesha. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni wa yule aliyemwona mtu na sinia akafikiri hana masikio.

Nilipostaafu walinifanyia karamu, nikapewa cheti chenye fremu. Jina langu limeandikwa vizuri, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, neno moja: Mpishi. Nikawaambia nimekuwa mtunza mayai zaidi ya miaka ishirini, wabadilishe. Wakasema ndivyo ilivyo kwenye faili tangu mwanzo. Nikakichukua, kwa kuwa jina ni langu, nikagongomelea msumari mwenyewe. Kila mgeni akiingia huinamisha shingo akasema, mama, cheti chako kimegeuka. Namjibu kwamba mimi nililipa mayai mia na kitu kujua ni kitu gani duniani hakigeuzwi, na cheti hicho si kimojawapo.